Kapteni Abebe Bikila: Thawabu ya Mkimbiaji

Katika Eneo la Viwanda la mji wa Bujumbura, lile liitwalo Zone Industrielle, mchana kutwa hutawala malori, vumbi na mngurumo wa mashine. Lakini alfajiri, kabla mageti ya viwanda hayajafunguliwa, barabara zake huwa mali ya wakimbiaji. Nchi ni tambarare, upepo utokao Ziwa Tanganyika haujapata joto, na milima iliyo mashariki ya mji ndiyo kwanza inaanza kujitokeza gizani. Burundi ina desturi ya kukimbia kwa vikundi huku watu wakiimba, na kwa hiyo mara nyingi utausikia wimbo na vishindo vya miguu kabla hujawaona wenyewe. Miongoni mwa wakimbiaji hao wamo raia, na wamo pia ndugu zetu wa jeshi na polisi.

Je, mtu aachaye kitanda chake saa kumi na moja alfajiri akaenda kutoa jasho barabarani hutafuta nini? Ipo amri, bila shaka, maana askari hukimbia kwa kuwa ameamriwa kukimbia. Lakini amri humfikisha mtu mwisho wa mbio za siku ile tu. Haiwezi kumrudisha barabarani siku ya mapumziko, peke yake, pasipo mkubwa wa kumwangalia wala filimbi ya kumwita. Kimrudishacho hapana budi kiwe kitu kingine. Leo tumeona ni vema tulitafute jibu la swali hilo katika maisha ya askari mwenzetu wa Afrika Mashariki aliyefariki dunia zaidi ya miaka hamsini iliyopita, naye ni Kapteni Abebe Bikila wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Ethiopia ya kati. Siku hiyo hiyo, mbali kabisa huko Los Angeles, zilikuwa zikikimbiwa mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki. Mtoto huyo hakuwa na umri wa miaka minne majeshi ya Italia yalipoivamia nchi yake, na jamaa zake wakalazimika kuhama kwao kukimbilia mahali pa mbali. Basi tunaweza kusema kwamba mbio za kwanza alizozijua Abebe zilikuwa mbio za kunusuru maisha. Wasomaji wetu wengi wanazijua mbio za namna hiyo bila kuhitaji kusimuliwa.

Vita vilipokwisha Abebe alikua kama vijana wengine wa mashambani, akicheza gena, mchezo wa kienyeji wa kupiga mpira kwa fimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Addis Ababa, akaandikishwa katika Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Hakuandikishwa kwa sababu ya mbio. Alikuwa askari wa kawaida mwenye mshahara mdogo na zamu ndefu, mfano wa maelfu ya askari wengine ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kikosi hicho kilikuwa na mkufunzi aliyeitwa Onni Niskanen, raia wa Uswidi mwenye asili ya Ufini, aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya Ethiopia. Niskanen alimwona kijana mwembamba, mkimya, ambaye kila siku alikimbia kilomita zipatazo ishirini, kutoka milima ya Sululta hadi Addis Ababa na kurudi. Hapa tunaomba msomaji atue kidogo. Wakati huo Abebe hakuwa na medali wala ahadi ya medali. Mnamo mwaka 1956, katika mashindano ya majeshi ya Ethiopia, alikuwa wa pili nyuma ya Wami Biratu. Kwa hiyo miaka mingi ilipita akikimbia bila cheo, bila picha gazetini, katika hewa nyepesi ya mahali palipo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kama kukimbia hakukumpa kitu moyoni katika miaka hiyo, ni vigumu kueleza kwa nini hakuacha.

Kila aliyezoea mbio ndefu anakijua kitu hicho ingawa hana jina lake. Kilomita za mwanzo ni za ugomvi: mguu unalalamika, pumzi haijakaa sawa, akili inakumbuka madeni na maneno ya jana. Baadaye hatua na pumzi hupatana. Ugomvi hunyamaza mmoja baada ya mwingine, na mtu hubaki na barabara na hatua inayofuata tu. Wataalamu wa siku hizi wanatueleza kwamba mwili, ukikimbia kwa muda mrefu, hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu na kutuliza fikra, na kwamba mazoezi ya mara kwa mara huwasaidia watu wengi wenye huzuni nzito. Wazee wa dini zote nao wamejua tangu kale kwamba moyo husikia vizuri zaidi mwili ukiwa umechoka kwa kazi halali. Hatuoni kwamba maelezo hayo mawili yanapingana.

Mwaka 1960 ulipofika, Abebe alishinda marathoni mbili mjini Addis Ababa, ya pili kwa muda wa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Muda huo ulikuwa bora kuliko rekodi ya Olimpiki ya Emil Zátopek ya mwaka 1952, lakini nje ya Ethiopia ni wachache mno waliousikia, na waliousikia hawakuusadiki. Alipofika Roma kwa Michezo ya Olimpiki alikuwa mtu asiyejulikana kabisa. Alinunua viatu vipya, navyo vikamtoa malengelenge. Basi akaamua kukimbia kama alivyozoea nyumbani, yaani miguu mitupu.

Marathoni hiyo ilianza jioni ya tarehe 10 Septemba 1960. Njia yake ilipita mara mbili karibu na mnara wa Aksum, jiwe refu la kale ambalo Waitalia walikuwa wamelichukua kutoka Ethiopia wakati wa uvamizi na kulisimamisha katikati ya mji wao mkuu. Niskanen alikuwa amemtahadharisha Abebe juu ya mpinzani mmoja, Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, ambaye walitazamia kwamba angevaa namba 26. Lakini Rhadi alianza mbio akiwa na namba 185. Hivyo Abebe akawa anamtafuta mtu wa namba 26 mbele yake, kilomita baada ya kilomita, na huku mtu huyo huyo anakimbia ubavuni pake. Baada ya kilomita 25 hivi walibaki wawili tu, wamewaacha wengine nyuma. Giza liliingia. Kando ya barabara ya kale ya Appia walisimama askari wa Italia wameshika mienge kuwamulikia njia.

Zilipobaki mita kama 500, karibu na mnara ule wa Aksum, Abebe aliongeza mwendo. Alifika mwisho, chini ya Tao la Constantine, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, muda ambao haukuwa umepata kufikiwa na mtu yeyote duniani katika marathoni. Rhadi alifuata sekunde 25 baadaye. Watu walitazamia mshindi aanguke chini kwa uchovu. Abebe hakuanguka. Alianza kujinyoosha, akigusa vidole vya miguu na kukimbia papo hapo alipo, kama mtu aliyekuwa akipasha mwili moto. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Mtoto aliyehamishwa na vita vya Waitalia alikuwa ameshinda mbele ya mienge ya askari wa Kiitalia, na hakuwadhuru kwa lolote. Twaamini kwamba katika ushindi wote ambao askari anaweza kuupata, huo ni wa namna bora.

Aliporudi nyumbani alipokewa kwa shangwe, akavishwa nishani na kupandishwa cheo kuwa koplo. Lakini sifa hazikai mahali pamoja. Mwezi Desemba mwaka huo huo baadhi ya wakuu wa Kikosi cha Walinzi walijaribu kumpindua Mfalme alipokuwa safarini Brazili, wakashindwa. Abebe hakuwa amehusika moja kwa moja, lakini alikamatwa kwa muda mfupi na kuhojiwa kama askari wengine wa kikosi chake. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu aliposhangiliwa na dunia nzima. Alipoachiwa alirudi katika kazi yake na katika mbio zake. Mwaka 1961 alishinda marathoni huko Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikwenda Boston na kuwa wa tano, wala hakuacha mbio kwa sababu ya kushindwa mara moja.

Ilipokaribia Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, wiki tano hivi kabla ya marathoni, Abebe alishikwa na maumivu makali ya tumbo na kupasuliwa kidole tumbo. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo huambiwa apumzike na kuwaachia wenzake. Abebe alianza kwa kutembea, kisha kwa mbio za polepole. Tarehe 21 Oktoba alishika njia mjini Tokyo, safari hii akiwa na viatu. Aliingia uwanjani peke yake, watu wapatao 75,000 wakisimama kumshangilia, na akamaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, rekodi mpya ya dunia. Kisha, kama kule Roma, alilala majanini na kufanya mazoezi ya viungo, na dakika nne zikapita kabla ya mtu wa pili kumaliza. Hakuna mtu aliyekuwa amepata kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Wapiga bendi hawakuwa na wimbo wa taifa wa Ethiopia, wakapiga wa Japani, naye akasimama wima kwa heshima hadi mwisho.

Katika mbio hizo hizo alikuwamo askari mwingine ambaye hatuna budi kumtaja, kwa maana habari zake ni funzo kwetu sote tuvaao sare. Naye ni Kokichi Tsuburaya wa Jeshi la Kujihami la Japani. Tsuburaya aliingia uwanjani akiwa wa pili, mbele ya watu wa nchi yake, lakini katika mzunguko wa mwisho alipitwa na Mwingereza Basil Heatley, akawa wa tatu. Medali ya shaba ni heshima kubwa. Yeye aliiona kuwa ni deni. Aliahidi kulilipa huko Mexico mwaka 1968, akajitwisha mazoezi juu ya mazoezi, mgongo ukamuuma, na tumaini likapungua. Mwezi Januari 1968 alijiua, akiwa na umri wa miaka 27.

Hatusemi hayo kumlaumu marehemu. Mtu hubeba mizigo mingi, na iliyo mizito zaidi haionekani kwa macho. Twasema ili tulitambue jambo moja. Askari hawa wawili walikimbia njia moja, siku moja, kila mmoja kwa ajili ya nchi yake, na wote wawili walikuwa wakakamavu. Lakini mbio zilezile ambazo kwa mmoja zilikuwa chemchemi, kwa mwingine ziligeuka kuwa hukumu. Mbio zikiachwa ziwe deni tu, deni kwa taifa, kwa wakubwa au kwa saa ya mkononi, hukausha nafsi badala ya kuinywesha. Ndiyo sababu kamanda mwenye busara, akimwona askari wake amenyamaza baada ya kushindwa, hamwongezei kilomita. Humwita wakaketi pamoja wakazungumza. Na askari amwonaye mwenzake katika hali hiyo asingoje kuamriwa.

Abebe naye hakukawia kukutana na siku yake ya kushindwa. Huko Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alipewa namba 1 kwa heshima, lakini mguu wake ulikuwa na jeraha. Aliacha mbio baada ya kilomita zipatazo 16. Mwenzake wa Kikosi cha Walinzi, Mamo Wolde, aliendelea na kuishindia Ethiopia medali ya dhahabu kwa mara ya tatu mfululizo. Nuru ilikuwa imepokewa na mkono mwingine, na nyumba ni ile ile.

Kisha ukaja mtihani ulio mkubwa kuliko yote. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha gari lake dogo, likamshinda na kupinduka. Alibanwa ndani yake mpaka asubuhi alipotolewa. Mtu aliyekuwa na miguu mashuhuri kuliko yote duniani akawa hawezi kuisogeza. Siku za mwanzo hakuweza hata kugeuza kichwa. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, akatibiwa kwa muda wa miezi minane. Mikono ilirudi. Miguu haikurudi tena.

Hapa ndipo swali letu la mwanzo linapopata jibu, au linapokosa jibu kabisa. Kwa maana kama thawabu ya mbio ni medali, cheo na shangwe, basi yote yalikwisha ndani ya gari lile. Na kama thawabu ni mwili wenye nguvu, huo pia ulikuwa umevunjika. Ni kitu gani kilichobaki kwa mkimbiaji asiye na miguu?

Tutazame aliyoyafanya. Mwezi Julai mwaka 1970 alishiriki michezo ya watu wenye ulemavu huko huko Stoke Mandeville, akilenga shabaha kwa upinde na mshale na kucheza mpira wa meza. Mwezi Aprili 1971 alialikwa Norwe kama mgeni katika michezo ya namna hiyo. Hakukubali kukaa kama mgeni. Alilenga kwa upinde, akacheza mpira wa meza, na tena akaingia katika mashindano ya kilomita 25 ya magari ya theluji yakokotwayo na mbwa, yeye mtoto wa nchi isiyo na theluji kama ile, akawashinda wote. Inajulikana pia kwamba alizipokea habari zake zote, za ushindi na za ajali, kama mapenzi ya Mungu yule yule, bila kumlalamikia kwa hili kuliko lile.

Subira ya namna hiyo haipatikani kwa siku moja hospitalini. Mtu huiweka akiba kidogo kidogo. Twaamini kwamba Abebe aliiweka katika milima ya Sululta, alfajiri zile ambazo hakuna aliyemtazama, alipojifunza kwamba maumivu huja na kupita, kwamba mtu hahitaji kuiona njia yote ili apige hatua moja, na kwamba ukimya wa ndani unaweza kulindwa hata mwili unapolia. Hiyo ndiyo thawabu. Medali hutunzwa kabatini na kumbukumbu za ushindi hutunzwa na watu wengine, lakini mafunzo hayo alikuwa nayo mwenyewe, na ajali haikuweza kuyafikia.

Mwaka 1972 alikwenda Munich kama mgeni wa heshima wa Michezo ya Olimpiki, akiwa katika kiti chake cha magurudumu, na umati ukamsimamia. Mmarekani Frank Shorter, mshindi wa marathoni mwaka huo, alimwendea kumpa mkono. Tarehe 25 Oktoba 1973 Kapteni Abebe Bikila alifariki dunia mjini Addis Ababa kwa kuvuja damu ubongoni, matokeo ya majeraha ya ajali ile. Alikuwa na umri wa miaka 41. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza, na Mfalme mwenyewe akatangaza siku ya maombolezo. Mnara wa Aksum, ambao aliupita usiku ule wa Roma, ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Njia aliyoifungua ilipitiwa na wengi wa Afrika Mashariki, na Burundi haikukosa. Mwaka 1996, nchi hii iliposhiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, na katikati ya miaka ya vita, Vénuste Niyongabo alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda mita 1,500. Nafasi hiyo alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekosa kushiriki kwa kuwa nchi haikuwa na kamati yake ya Olimpiki. Niyongabo akaingia mita 5,000, mbio ambazo hakuwa na mazoea nazo, akashinda medali ya dhahabu. Ni dhahiri kwamba mbio, zikikimbiwa vizuri, humfundisha mtu kutoa pia.

Kwa hiyo, ndugu askari, kesho alfajiri utakapopita katika barabara za Zone Industrielle, kabla ya malori kuamka, huna haja ya kushindana na saa kila siku. Ziache kilomita za mwanzo zigombane nawe mpaka zichoke. Msikilize mwenzako anavyopumua, na akibaki nyuma punguza mwendo ili mfike pamoja. Huenda hakuna atakayekuona wala kukuandika. Abebe naye, kule Sululta, hakuonwa na mtu kwa muda mrefu, na akiba aliyoiweka huko ndiyo iliyomtunza hadi mwisho.